Dang'a ya Dume la Serikali

Nchi ninayoiandika hapa haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani, kwa rula na kwa kidole, sikuiona. Kwa hiyo msomaji akianza kutaja majina ya watu anaowafahamu, ajue kosa ni lake, na anyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Kunyamaza nakujua vizuri. Ndiko kulikonifikisha hapa.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, Mtukufu Rais alikwenda ng'ambo kwa ziara ya siku tisa, na siku ya saba akaonyeshwa ng'ombe anayetoa maziwa lita arobaini kwa siku. Mtukufu alimzunguka ng'ombe yule mara mbili. Akauliza baba yake ni nani. Wenyeji wakamwonyesha mrija mwembamba kuliko ule wa kunywea soda, wakasema mbegu za baba zilitoka humu. Mtukufu alirudi amebadilika. Palepale uwanja wa ndege, kabla hajasalimiana na mkewe, alitangaza kwamba kuanzia siku ile kila ng'ombe jike wa taifa letu ana haki ya kikatiba ya kuhimilishwa kwa mrija, na kwamba dume ni mabaki ya ukoloni.

Kesho yake Wizara ya Mifugo ilibadilishwa jina ikawa Wizara ya Mifugo, Mirija na Mageuzi. Vibao vipya vilipakwa rangi kwa siku moja. Hakuna jambo lingine katika habari hii lililofanyika kwa haraka kiasi hicho.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitatu tu kabla ya hapo. Nilikuwa nimesomea uhimilishaji kwa miaka miwili, na nasema kwa haya kwamba niliipenda kazi ile. Ni kazi ya upole. Unampapasa ng'ombe kwanza, unamsemesha, unapasha mrija kwenye maji ya uvuguvugu, na mkono hauendi kwa pupa. Kuzungumza mbele za watu kulinishinda, lakini ng'ombe hawakujali.

Siku ya uzinduzi wa Mpango wa kuhimilisha nilipewa kazi ya kubeba mtungi.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mbegu za dume hukaa ndani ya mirija, na mirija hukaa ndani ya mtungi, imezama kwenye kimiminika chenye ubaridi kupita barafu, kiitwacho naitrojeni. Kikiisha, mbegu hufa. Hazinuki, hazibadiliki rangi. Mrija wenye uhai na mrija uliokufa hufanana kama mapacha. Na ukifungua mtungi wenye kimiminika, hutoka moshi mweupe mzito, unaotambaa chini kama unatafuta kitu ulichokiangusha.

Bwana Tibalinda, Mkurugenzi wa Uhimilishaji na Hamasa, aliuona moshi ule asubuhi tulipokuwa tunapanga jukwaa. Akashika kiuno.

"Binti, huu moshi unaweza kufika magotini mwa Mheshimiwa?"

"Unaweza, Bwana Mkurugenzi, ila..."

"Hapo kwenye 'unaweza' panatosha."

Basi kimiminika chote kikamwagwa jukwaani, na Mheshimiwa Waziri akatokea katikati ya wingu jeupe huku bendi ikipiga. Watu walishangilia sana. Mama mmoja mbele yangu alilia. Mheshimiwa alihutubia saa mbili na nusu juu ya umuhimu wa ubaridi, na muda wote huo mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mtungi uliokuwa mwepesi kama debe tupu. Niliinua mkono ili niseme. Ulifika begani. Bwana Tibalinda akanitupia jicho, nami nikautumia mkono ule kurekebisha mtandio wangu.

Tangu siku ile nimeurekebisha mtandio ule mara nyingi.

*

Nilipangiwa kata iitwayo Igangalo. Bwana Tibalinda alisema kimiminika kingine kitaletwa Jumatatu. Hakutaja Jumatatu ya mwezi gani, nami sikuuliza, kwa sababu alikuwa amekwisha kuangalia saa yake.

Somo la kwanza nilifundishia kwenye uzio wa josho, mahali wanapoogeshea ng'ombe. Wafugaji walikuja wengi, wamevaa vizuri. Nilifundisha kwa sauti ndogo, wakasogea. Nikapunguza sauti zaidi kwa kuona haya, wakasogea zaidi, mpaka tukawa kama watu wanaopanga njama.

Niliwaambia dalili za ng'ombe aliye kwenye joto: hulialia, hupanda wenzake na kukubali kupandwa, hutoa ute mwangavu unaovutika. Ukimwona asubuhi, niite jioni. Ukimwona jioni, niite asubuhi. Akirudi kwenye joto baada ya siku ishirini na moja, ujue hakushika mimba. Niliwafundisha hata habari za mtungi na moshi wake. Niliwafundisha kila kitu isipokuwa kwamba mtungi wenyewe, ambao wakati ule ulikuwa umekaa karibu na mguu wangu umefunikwa kitenge, ulikuwa mkavu.

Mwenyekiti wa wafugaji, Mzee Lushona, alikuwa mtu wa mizaha. Aliinua fimbo.

"Mwalimu, huyo dume mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo, Mzee."

"Ana habari kwamba anaoa huku?"

Wakacheka. Nikasema hana habari.

"Maskini! Mtu anapata wakwe kata nzima na hajui hata kuwasalimia."

"Kwani wewe wakwe zako unawasalimia?" mwanamke mmoja akamtupia kutoka nyuma. "Mwaka wa tatu huu mama mkwe wako anakusubiri!"

Kicheko kilipotulia, mtu mwingine akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye kitabu changu cha chuo. Igangalo wana desturi. Ng'ombe wako akipandwa na dume la jirani, siku anapozaa, maziwa yake ya kwanza, yale mazito ya manjano yaitwayo dang'a, huyanywi wewe. Ndama akishashiba, unapeleka bakuli moja kwa mwenye dume. Asiyepeleka, watu hawamsemi. Humtazama tu, na kutazamwa Igangalo ni jambo zito.

"Sasa dang'a tutampelekea nani?" akauliza yule mtu. "Mpaka ng'ambo itafika imeharibika."

Wote wakanigeukia. Nikarekebisha mtandio.

"Amekubali!" Mzee Lushona akapiga fimbo chini. "Mwenye dume ni Mwalimu. Imepita hiyo."

Walipiga makofi. Nami nilitabasamu, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

*

Kanuni ya Tatu ya Mpango ilisema hakuna kata itakayohimilishiwa ng'ombe wake ikiwa bado ina dume zima hata moja, kwa kuwa dume zima huchafua takwimu. Kila dume alitakiwa kuhasiwa, kisha mwenye dume apewe Cheti cha Utulivu chenye muhuri na picha ya Mtukufu. Picha ya dume haikuhitajika.

Igangalo ilikuwa na madume sitini na mmoja. Waliletwa kwenye josho kwa siku tatu. Vijana wa wizara walibana kwa koleo, mimi nilisaini. Nilimpigia simu Bwana Tibalinda siku ya kwanza asubuhi.

"Bwana Mkurugenzi, kimiminika hakijafika. Tukihasi madume sasa..."

"Binti, umeajiriwa kusaini au kutabiri?"

Nikasaini. Wafugaji waliwashika madume yao vichwa, wakawasemesha kwa majina yao: Mkuyati, Radi, Simu ya Taifa. Wale wanyama hawakupiga kelele nyingi kama nilivyotegemea. Walishangaa tu. Halafu wenye madume wakaja kunishukuru mmoja mmoja, kwa kuwa nilikuwa nimewaletea maendeleo. Mzee Lushona, aliyehasiwa dume wake Radi, aliniletea mahindi ya kuchoma.

Wa mwisho, siku ya tatu, alikuwa Bi Nkwimba, mjane mwembamba asiyesema sana. Dume wake alikuwa mwekundu, mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso. Aliitwa Karani, kwa sababu hakuwa na haraka, na hakuna jambo lililokwenda mbele kijijini bila kupitia kwake. Vijana wa wizara walikuwa wamekwenda kula. Koleo lilibaki kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mkono wake ulikuwa shingoni mwa Karani. "Nikuulize. Hii mirija yako, unaiamini?"

"Wizara inaiamini, mama."

"Sikukuuliza wizara."

Karani alikuwa anatafuna, akinitazama kama mtu anayengoja foleni isogee. Nikalichukua koleo, nikalibana kwa nguvu zangu zote. Lilibana hewa. Kisha nikajaza Cheti cha Utulivu namba sitini na moja, nikapiga muhuri, nikampa.

Bi Nkwimba alikisoma cheti pole pole. Akakikunja. Akasema, "Haya," akaondoka na dume wake.

Watu wa moyo mwema wakisikia habari hii huniambia nilifanya vizuri. Hawafikirii mbali. Kama niliweza kumwokoa mmoja kwa kubana hewa, basi wale sitini niliwahasi nikiwa najua kwamba hewa inabanika.

*

Kazi ikaanza. Wafugaji waliniita kwa saa zilezile nilizowafundisha. Hawakukosea hata mara moja; sijawahi kuona wanafunzi wa namna ile. Nami niliosha mikono, nikampapasa ng'ombe, nikapasha mrija uliokufa kwenye maji ya uvuguvugu, nikauingiza kwa uangalifu wote niliofundishwa. Fomu ya wizara ilikuwa na safu mbili: Mirija Iliyotumika, na Mafanikio. Maelezo chini ya ukurasa yalisema safu ya pili inanakiliwa kutoka ya kwanza.

Siku ya ishirini na moja, Igangalo nzima ililia. Ng'ombe walilia kila zizi, walipandana, waliruka uzio. Wafugaji wakaja mbio.

"Mwalimu, wangu amerudi."

"Wangu pia amerudi, na ute anao, kama ulivyotuambia."

Nikapiga simu. Bwana Tibalinda akanisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitisha.

"Neno 'amerudi' limo kwenye fomu?"

"Halimo, Bwana Mkurugenzi."

"Basi hajarudi."

Kimiminika hakikuja. Baadaye nilikuja kujua kwamba kilikuwa kinanunuliwa, tena kingi. Kila wilaya iliyofikiwa na Mpango ilikuwa na uzinduzi wake, na baada ya ule wa kwanza hakuna kiongozi aliyekubali kupanda jukwaani bila moshi. Mkuu wa wilaya mmoja aliutumia kwenye harusi ya bintiye.

Wafugaji wangenilaumu, ningepumua. Lakini Igangalo hawamlaumu mgeni. Waliwalaumu ng'ombe wao. Nilimkuta Mzee Lushona zizini anamgombeza jike wake kwa kidole.

"Umeletewa mume wa ndege! Mume wa lita arobaini! Na bado unaringa? Unataka nani, Waziri mwenyewe?"

Alipogundua niko nyuma yake aliona aibu. "Mwalimu, tuvumilie. Hawa ng'ombe wetu hawajasoma."

Nilikwenda nyuma ya choo cha josho nikalia. Nilisema moyoni: kesho nitawaambia. Kesho ilipofika nilikwenda mpaka mlangoni kwa Mzee Lushona, nikabisha hodi, akatoka anacheka, akanikaribisha uji. Nikanywa uji.

Kisha, kuanzia mwezi wa tatu wa kazi yangu, ng'ombe wakaanza kunyamaza. Mmoja baada ya mwingine waliacha kurudi kwenye joto. Nami nilianza kukutana njiani na watu wanaoswaga ng'ombe jike mmoja mmoja kuelekea kwa Bi Nkwimba, mchana kweupe.

"Unampeleka wapi, Mzee?"

"Kusalimia, Mwalimu."

"Ng'ombe anakwenda kusalimia?"

"Wamezoeana na wa Bi Nkwimba. Wakikaa sana bila kuonana hawali."

Nilitazama pembeni. Jioni niliingia zizini kwa mfugaji yuleyule, nikatumia mrija wangu uliokufa, nikaandika moja kwenye safu ya kwanza na moja kwenye safu ya pili. Kila mtu kijijini alijua. Bi Nkwimba alijua. Nadhani hata Karani alijua, maana alikonda mwaka ule, lakini hakumrudisha mtu.

*

Ndama walizaliwa mwanzoni mwa mvua. Wote walikuwa wekundu. Wote walikuwa na nyota nyeupe kwenye paji la uso.

Siku ndama wa kwanza alipozaliwa nilisikia hodi. Alikuwa mke wa Mzee Lushona na bakuli limefunikwa kwa sahani.

"Dang'a yako, Mwalimu."

"Mama, hii si yangu."

Akatazama barabara kulia na kushoto. Akanong'ona, "Tukimpelekea mwenyewe, watu wa wizara wakituona, watauliza kwa nini. Wewe ndiye mwenye dume kwenye karatasi. Pokea, mwanangu. Pokea tu."

Nikapokea. Ilikuwa imechemshwa, imeganda, ina chumvi kidogo. Nilikuwa na njaa, nayo ilikuwa tamu, na kila kijiko kilikuwa cha Bi Nkwimba. Zilikuja bakuli nyingine, na nyingine, kila ndama bakuli lake. Nyumba ya Bi Nkwimba ilikuwa hatua mia moja kutoka kwangu, na katika msimu ule wote hakuna aliyemgongea mlango. Tulikutana kisimani. Mimi nilikuwa nimenenepa mashavu. Yeye alinisalimia, akaniuliza nimelalaje.

Takwimu za Igangalo zilifika makao makuu. Kata nyingine zote, ambako madume waliisha na mirija ilikuwa imekufa kama yangu, hazikuwa na hata ndama mmoja, ingawa safu ya Mafanikio ilijaa. Igangalo ilikuwa na ndama wanaotembea. Bwana Tibalinda alinipigia mwenyewe, sauti imelainika.

"Binti, Mheshimiwa anakuja. Na wajumbe wa wafugaji kutoka wilaya kumi na nne ambazo Mpango haujafika. Wakishaona ndama wako, siku hiyohiyo malori yanaondoka na koleo elfu nne. Tunahasi nchi nzima. Wewe ndiye ushahidi."

Sikulala vizuri tena. Nikisema kweli, Karani atahasiwa na Bi Nkwimba atafungwa, na Igangalo haitabaki na kitu. Nikinyamaza, koleo elfu nne zitaondoka, na mitungi mikavu nyuma yake. Nilitafuta njia ya tatu ambayo mtu anaweza kuipita bila kufungua mdomo. Hiyo ndiyo niliyoizoea. Safari hii haikuwepo.

*

Bwana Tibalinda alifika mapema, na picha ya dume wa ng'ambo mkononi: mweupe mwenye mabaka makubwa meusi. Akawatazama ndama.

"Mbona wekundu?"

Nikainama kuisogeza ndoo ya maji.

"Mbona wote wana hii nyota?"

Nikarekebisha mtandio.

Akafungua mkoba wake akatoa makopo mawili ya rangi ya viatu, nyeusi. Mabaka yalipakwa kwa ndama watatu wa mstari wa mbele. Aliyeshika brashi alikuwa mimi. Ndama wa Mzee Lushona alidhani nambembeleza, akafumba macho.

Mheshimiwa Waziri alifika saa tano. Wingu lilitoka kwenye mtungi mpya uliokuja kwenye gari lake, mtungi mzima, uliojaa, wa kwanza kuuona tangu uzinduzi. Mheshimiwa alitokea katikati yake. Akasema, "Ndugu wananchi, leo nimesimama mbele ya mustakabali wenye miguu minne." Akasema dume ni fikra, na fikra hubadilika. Akasema ng'ombe wa zamani alizaa kwa bahati lakini ng'ombe wa sasa anazaa kwa mujibu wa waraka.

Wakati anasema, wale ng'ombe watatu mama walikuwa wanawalamba watoto wao. Ndivyo walivyo, hawawezi kumwona mtoto mchafu wakamwacha. Ulimi wa ng'ombe ni mkali kama msasa. Baka la kwanza likawa kijivu, kisha likatoweka. Ndimi zao zikawa nyeusi.

Mheshimiwa akaona. "Mkurugenzi, hizo ndimi vipi?"

"Dalili ya uzazi bora, Mheshimiwa."

"Safi sana."

Lakini mimi nilikuwa natazama povu. Jike wa Mzee Lushona alianza kutoa povu jeusi pembeni mwa mdomo, akakohoa, kisha akarudi kulamba, kwa sababu mtoto alikuwa bado hajatakata. Rangi ile ina sumu, inasema hivyo kwenye kopo. Angelamba mpaka mwisho. Hakuwa na namna nyingine ya kupenda.

Sikumbuki kuondoka nilipokuwa. Nakumbuka ndoo, na mtandio wangu ukiwa ndani ya maji, na mimi nimepiga magoti mbele ya Mheshimiwa namfuta ndama mgongo kwa mtandio. Bendi ilinyamaza.

"Anafanya nini huyu?" akauliza Mheshimiwa.

"Usafi, Mheshimiwa," akasema Bwana Tibalinda. "Serikali inawaogesha ndama wa wananchi."

Makofi yakapigwa. Nikasimama.

"Hii ni rangi ya viatu," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo. Watu wa Igangalo, waliozoea, wakasogea. Wajumbe wa wilaya kumi na nne wakawaona wenzao wanasogea, nao wakasogea. "Mtungi wangu ulikuwa mkavu tangu siku ya kwanza. Mbegu zilikufa jukwaani, siku ya moshi. Nilijua. Nilisaini madume sitini wahasiwe, na nilijua."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Lushona alikuwa mbele yangu, fimbo mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka kila neno alilomwambia jike wake.

"Mhimilishaji mzuri anafanya kazi," nikaendelea. "Mrija mzuri unazaa. Lakini mkiletewa mtungi, ombeni ufunguliwe kwanza. Usipotoa moshi, msihasi dume."

"Na hawa ndama?" Bwana Tibalinda alikuwa amepauka. "Hawa wametoka wapi, ee? Kuna dume zima katika kata hii? La nani?"

Nikamwona Bi Nkwimba kwenye uzio. Alikuwa anafungua kinywa. Alitaka kusema, mama yule. Alikuwa ameinua mkono, na mkono wake ulikwenda moja kwa moja mpaka juu.

"Langu," nikasema, kabla hajawahi. "Mwenye dume ni mimi. Waulizeni dang'a wanampelekea nani."

Bwana Tibalinda akawageukia. Wafugaji wakatazamana. Kisha Mzee Lushona akapiga fimbo chini, mara moja, taratibu.

"Mwalimu," akasema.

"Mwalimu," wakaitikia wote. Ilikuwa kweli. Bakuli zao zilikuwa bado ziko kwangu.

*

Iliundwa Kamati ya Uchunguzi. Ilikaa siku arobaini, na niliitwa mara mbili, mara zote mbili nikaambiwa nisubiri nje. Ripoti yake ilisema hivi. Dume aitwaye Karani ana Cheti cha Utulivu namba sitini na moja, chenye muhuri. Muhuri wa serikali haukosei. Kwa hiyo Karani ni maksai. Maksai hazai. Kwa hiyo ndama wa Igangalo walitokana na mirija ya serikali, na wekundu wao ni wa muda. Kuhusu kumrudia Karani kwa koleo, kamati iliona kwamba kumhasi maksai ni kuudharau muhuri. Mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kumsingizia maksai jambo la aibu, na maksai mwenyewe akaandikwa kuwa mali yangu, kwa kuwa nilikiri.

Malori yaliondoka na koleo elfu nne kama ilivyopangwa. Lakini wale wajumbe walikuwa wamefika makwao kabla yake. Kila mahali malori yaliposimama, wafugaji walikuwa wamekaa kwenye uzio na madume yao wamewashika, wanasema maneno mawili tu: "Moshi kwanza." Wizara iliandika kwamba wananchi wa vijijini wana kiu kubwa ya moshi, na ili kuikata kiu hiyo ikaagiza kimiminika kingi, mitungi ikajazwa mpaka shingoni, ikapelekwa wilaya zote kumi na nne. Mirija ikakaa ndani yake, hai. Nasikia mwaka huu kuna ndama wenye mabaka, wa kweli, mvua haiwatoi rangi. Bwana Tibalinda alipewa nishani ya moshi.

Nilirudi Igangalo kwa kuwa nina maksai wangu huko. Ng'ombe wa kwanza kuzaa msimu uliofuata alikuwa wa Mzee Lushona, yule wa povu, alipona. Mke wa Mzee alileta bakuli kwangu kwa mazoea. Nililibeba hatua mia moja mpaka kwa Bi Nkwimba, nikamwekea mbele yake kwa mikono miwili.

"Mama, nimekula zako zote."

"Najua." Akaleta sahani ya pili, akagawa katikati. "Hata hii kula. Ila leo kula ukinitazama."

Nikala nikimtazama. Haikuwa rahisi. Nilipomaliza nilimuuliza kuhusu wale sitini: Radi, Mkuyati, Simu ya Taifa, na wenzao.

"Hao mimi siwezi kukujibia," akasema. "Waombe radhi wenyewe."

Siku hizi wanalima. Huwa nakutana nao asubuhi wakiwa wamefungwa nira wawili wawili, kwenye kile kijia chembamba cha kwenda bondeni. Ni wanyama wakubwa, wangeweza kunikanyaga bila hata kugeuza shingo. Nami hutoka na maneno yangu tayari. Lakini kila nikikaribia hutambua harufu ya yule aliyekuwa na muhuri, wanasimama, wanashuka kwenye majani pamoja na jembe lao, wananipisha.